Namba ya Mfano

Sehemu ya Saba

Haya, mliokuwa mnabishana vijiweni wiki nzima kwamba simu iliyolia ukumbini ilikuwa ya nani, acheni kubishana. Ilikuwa ya Mwamvita.

Ililia ndani ya mkoba wake, palepale jukwaani, kipaza sauti kikiwa mkononi na ukumbi mzima wa Mikocheni umenyamaza. Kule nyuma, yule mwanamke aliyekatiza sherehe, Nusaiba, alikuwa ameinua simu yake juu ili kila mtu aone kwamba ni yeye anayepiga.

"Pokea!" alisema Nusaiba. "Si nakupigia wewe? Pokea basi!"

Mwamvita hakupokea. Alitia mkono mkobani akaizima, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana hata waliokuwa na shaka sasa walijua.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua ukurasa huu, usipate tabu. Mwamvita Mashaka, mtoto wa Temeke, analipwa mshahara ili apendwe. Ndiyo, apendwe! Kampuni ya Tarishi inauza njia ya kutuma ujumbe wa simu kutoka ndani ya app, na kazi ya Mwamvita ni kuhakikisha madevelopa, hao vijana wanaotengeneza app, wanaipenda Tarishi kuliko kampuni nyingine zote. Anawafundisha, anawajibu maswali hata siku ya Idd, anawagawia fulana na stika, anajua nani kaoa na nani kaachwa. Kwenye kadi yake kazi hiyo ina jina refu la Kizungu. Vijana wenyewe wanamwita Dada, basi.

Sasa Dada alikuwa amesimama jukwaani, simu imezimwa mkobani.

"Mdogo wangu Zubeda alishikwa na uchungu wiki hii, alfajiri," Nusaiba aliwaambia watu. "Mumewe yuko safari. Akafungua Niwahi, ile app ya kijana wenu Suhaib wa Tandale, ya kuwaitia wajawazito bajaji. Dereva hakupokea. App ikarusha ujumbe kwenye namba ya akiba, na namba ya akiba ikajibu palepale. Mnataka kujua ilijibu nini? Ngoja niwasomee."

Akaisogeza simu karibu na macho.

"'Hongera! Ujumbe wako umefika. Karibu kwenye familia ya Tarishi.'"

Akaishusha simu.

"Zubeda akanipigia mie nikiwa kwangu Segerea, akaniambia, dada usihangaike, wameshanijibu, wanakuja. Na mie mjinga nikarudi kitandani! Akakaa mlangoni na kanga zake anangoja hiyo familia ya Tarishi, mpaka jua likatoka. Mtoto hatunaye. Namba iliyomjibu ndiyo hii niliyoipiga, na imelia mkobani mwa huyu mama."

Lahaula! Mwamvita aliona ukumbi unazunguka.

Maana alikuwa anaikumbuka asubuhi ile. Namba ile aliiweka mwenyewe kwenye mfano wa programu anaowafundishia vijana. Developa mgeni anachukua mfano, anaukopi kama ulivyo, anabonyeza, na simu ya Mwamvita inalia mbele ya ukumbi. Watu wanapiga makofi. Na ili mgeni afurahi zaidi, akaitega simu ijibu yenyewe: Hongera. Akishamaliza kufurahi, developa huyo anatakiwa aitoe namba ya Mwamvita na kuweka yake.

Kila siku simu ile ilipokea majaribio. Na vijana wakijaribu huandika lolote: nyumba inaungua, nimetekwa, nakufa jamani. Kwa hiyo ulipoingia ujumbe unaosema "uchungu umeanza, njooni haraka", Mwamvita aliusoma huku anakunywa chai. Alitabasamu. Akasema moyoni, mwingine huyo kafaulu.

Alitabasamu, wasomaji wangu!

Sasa watu walikuwa wanamtazama, wanangoja aseme neno. Na Mwamvita, kwa miaka aliyofanya kazi ile, alikuwa na neno moja la watu wenye malalamiko. Lilitoka lenyewe kabla hajalizuia.

"Asante sana dada yangu. Tunathamini maoni yako."

Ukumbi uliguna. Kijana mmoja wa mbele aliyekuwa amevaa fulana ya Tarishi aliivua, akabaki na singlendi, akaitupa chini ya jukwaa.

"Maoni?" Nusaiba aliuliza. Hakupiga hata kelele. "Haya ni maoni?"

Gaspar, mkurugenzi wa Tarishi, alipanda jukwaani kwa haraka akampokonya Mwamvita kipaza sauti. Gaspar ni mtu wa suti bila tai, mtu wa kucheka na kila mtu, lakini siku hiyo hakucheka.

"Ndugu zangu, tunaungana na familia katika msiba huu," alisema. "Ila tuwe wakweli. Kampuni ilitoa mfano tu. Kijana Suhaib aliunakili bila kusoma maelekezo, na ndiyo maana yuko mikononi mwa polisi. Mwamvita hapa ni shahidi. Si ndiyo, Mwamvita?"

Mwamvita alitazama viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na huko nje, kunyamaza kwake kulihesabiwa ndiyo.

* * *

Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa maboksi ya fulana. Gaspar alifunga mlango kwa mguu.

"Umeona ulivyotuweka uchi?"

"Bosi, namba ni yangu."

"Namba ni ya mfano."

"Iko mahali pawili kwenye ule mfano! Ya kwanza kila mtu anaibadilisha kwa sababu iko juu. Ya pili, ya akiba, iko kule chini, haionekani. Ndiyo maana niliandika onyo kwa wekundu: namba ziko mbili, badilisha zote. Wewe ukaniambia nilifute!"

"Mie?" Gaspar alishika kifua. "Lini?"

"Ukasema wekundu unatisha wageni. Ukasema tumeahidi mtu ataunganisha app yake kwa dakika tano, na mtu akiona onyo anajua hii si kazi ya dakika tano. Ukanifokea mbele ya watu!"

Gaspar hakubishana. Alitoa simu yake, akafungua ukurasa wa mfano, akamwonyesha. Onyo lilikuwepo. Jekundu, limeandikwa kwa maneno yaleyale aliyoyaandika Mwamvita.

"Limerudi lini hili?" Mwamvita aliuliza.

"Halijawahi kuondoka."

Alisema hivyo macho makavu. Wapo watu wa namna hii, uongo wanauvaa na unawakaa vizuri.

"Sikiliza, sista," Gaspar alilainisha sauti. "Jioni hii unakaa mbele ya kamera. Unaongea na vijana kwa ile sauti yako wanayoipenda. Unawaambia onyo lilikuwepo, Suhaib hakulisoma, poleni, tusonge mbele. Ukisema wewe wataamini. Wewe si ndiye dada yao? Unafikiri tunakulipia nini?"

Mwamvita akamtazama. Alikuwa amejiuliza swali hilo mara nyingi na kila mara alijipa jibu zuri. Alijiambia analipwa kwa sababu anajua kufundisha, na kwa sababu anawajali vijana wa Tandale na Mbagala ambao hakuna ofisi inayowafungulia mlango. Kumbe alikuwa amewekwa benki. Upendo wa vijana wale ulikuwa unatunzwa kwa ajili ya siku kama hii, uje utolewe wote kwa mkupuo mmoja.

"Suhaib kanipigia kutoka kituoni mara mbili," alisema. "Ukanikataza nisiende."

"Na ulifanya vizuri kunisikiliza."

"Na nikikataa leo?"

"Ukikataa utarudi Temeke kumsaidia mama yako kukaanga vitumbua. Halafu mie nitatafuta sauti nyingine. Usidhani zimeisha."

Mwamvita alichukua mkoba wake. Gaspar alidhani anakwenda kunawa uso, akampisha mlangoni.

* * *

Bodaboda ilimshusha Tandale sokoni. Mama Suhaib alikuwa amekaa mbele ya fungu lake la vitunguu, hauzi. Wateja walikuwa wanamwuliza bei na yeye anawatazama tu.

"Shikamoo mama."

Mama Suhaib hakuitikia. Kwa mtu wa pwani, jamani, kuacha shikamoo ya mtoto wa watu ining'inie hewani ni tusi kubwa kuliko kutukanwa. Mwamvita alichuchumaa.

"Mama, shikamoo."

"Nimekusikia. Sina marahaba ya kukupa." Alichukua kitunguu akaanza kukimenya maganda, bila sababu. "Mwanangu yuko mahabusu tangu juzi. Nyie mlikuwa na sherehe. Wamenipigia simu vijana, wamesema umesimama pale juu umeulizwa na mtu mwenye msiba, ukamwambia asante kwa maoni."

"Ni kweli, mama."

"Hapa nyumbani ulikula futari. Suhaib kaning'iniza picha yako ukutani, yuko na wewe, mmevaa fulana zinafanana. Nikamwuliza, huyu nani? Akaniambia, mama, huyu ndiye dada niliyekosa kuzaliwa naye." Alitupa ganda chini. "Haya, dada mtu. Umekuja kuchukua picha yako?"

Mwamvita alilia. Alilia kwa sauti pale sokoni, wapagazi wakageuka na magunia yao mabegani, na mama yule hakumbembeleza.

Alipoweza kusema, alisema yote. Namba yake. Hongera. Chai. Onyo alilolifuta kwa mkono wake kwa sababu bosi kafoka na yeye akaogopa.

Mama Suhaib aliacha kumenya.

"Maandishi mekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hiyo habari ninayo! Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Suhaib alitoka huko Mikocheni kuchukua fulana, akaja akaniambia, mama, leo bosi kamfokea Dada Mwamvita mpaka nikaona haya. Anamwambia, futa huo wekundu, futa. Nikamwuliza, wekundu gani? Akasema hajui ulikuwa unasema nini, yeye kaona dada anafuta tu huku machozi yanamlenga."

Mwamvita alikuwa amesahau. Kweli! Suhaib alikuwepo siku ile, amesimama mlangoni na fulana yake kwapani. Kumbe kulikuwa na mtu aliyesikia.

"Mama, twende kituoni. Nikaseme mie, na Suhaib aseme alichosikia. Atatoka leo."

Mama Suhaib alimwachia jirani yake vitunguu amwuzie, akajitanda kanga.

"Marahaba," alisema. "Twende."

* * *

Kaunta ya kituo ilikuwa na Afande Jenipher, mwanamke mpole wa sura, mwenye mwandiko wa taratibu. Aliandika maelezo ya Mwamvita bila kumkatiza. Namba ni yangu, andika. Majibu niliyatega mimi, andika. Onyo nililifuta mimi, andika. Kila alipolitamka neno Mwamvita alijisikia mwepesi kidogo, na mama yule pembeni alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Unasema uliagizwa na bosi wako," Afande alisema. "Alikuandikia?"

"Alinitamkia."

"Kuna aliyesikia?"

"Suhaib. Huyo mliyemfungia humo ndani. Mwulizeni."

Afande Jenipher aliweka kalamu chini.

"Suhaib hayumo humu, dada. Ametolewa muda si mrefu. Amekuja mzee mmoja wa kampuni na mwanasheria, wamemwekea dhamana."

Mama Suhaib alipiga kigelegele kituo kizima kikageuka. Alimkumbatia Afande juu ya kaunta, akamkumbatia na Mwamvita, akasema Alhamdulillahi mpaka sauti ikamkauka. Mwamvita alicheka naye, lakini akabaki anajiuliza. Mzee wa kampuni? Gaspar? Gaspar huyuhuyu aliyetaka kijana aozee ndani?

Hakungoja sana kupata jibu. Mlango ulifunguliwa akaingia Suhaib mwenyewe, kaja kuchukua mkanda na simu yake alivyoviacha kaunta. Nje gari la Gaspar lilikuwa linanguruma.

Suhaib alikuwa amekonda, macho mekundu. Na alikuwa amevaa fulana mpya ya Tarishi. Mgongoni ilikuwa na maneno ambayo kwa miaka yote yaliandikwa kwenye fulana moja tu, ya Mwamvita: RAFIKI WA MADEVELOPA.

Weee! Mwamvita alielewa palepale. Simu ilipolia mkobani mwake ukumbi mzima uliona, na Gaspar alishajua kwamba hakuna atakayeamini tena kosa ni la kijana peke yake. Hivyo alibadilisha mtu wa kutolewa kafara. Alikwenda kuitafuta ile sauti nyingine, na hakwenda mbali.

"Mwanangu!" Mama Suhaib alimrukia. Alimpapasa mabega, akampapasa uso, akaitazama ile fulana. "Hii umeipata wapi?"

"Nimepata kazi, mama. Naanza leo. Nitakutoa sokoni."

"Suhaib," Mwamvita aliita.

Kijana hakumtazama.

"Suhaib, mwambie Afande. Siku ile umekuja kuchukua fulana. Gaspar alivyonifokea nifute wekundu. Ulikuwepo."

"Kijana," Afande Jenipher aliingilia, kalamu mkononi. "Huyu dada anasema ulimsikia bosi akimwagiza afute onyo. Umesikia au hukusikia? Na ujue naandika. Ukinidanganya hapa, hiyo dhamana yako inakufa."

Suhaib alikaza meno. Alipogeuka hatimaye kumtazama Mwamvita, hakukuwa na aibu machoni mwake. Kulikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya haki, ndiyo maana iliuma.

"Dada, nilikupigia kutoka hapa. Mara mbili. Nikawaambia mahabusu wenzangu, ngojeni, dada yangu akija mtaona. Wakawa wananicheka. Ulikuwa wapi?"

"Nilikosa. Nakuomba msamaha, nilikosa. Lakini hili sema kweli."

"Nimesikia leo mmesema ukumbini mie ndiye sikusoma. Ukanyamaza. Sasa kweli imekuwa tamu?"

"Kijana, jibu swali," alisema Afande.

"Sikuwepo, Afande. Sijui chochote."

Mwamvita alishika ukingo wa kaunta. Halafu akageuka, taratibu, kumtazama Mama Suhaib. Bado alikuwepo mtu mmoja. Mama huyu aliambiwa na mwanawe habari ile yote, na nusu saa haijapita tangu aisimulie kwa mdomo wake mwenyewe pale sokoni.

Afande Jenipher naye si mtoto. Aliyafuata macho ya Mwamvita.

"Mama, wewe umekuja na huyu dada. Kuna unalolijua?"

Mama Suhaib alimtazama Mwamvita. Alimtazama kwa huruma, hilo Mwamvita aliliona wazi, na kwa dakika ile alidhani amepona. Kisha mama yule akamtazama mwanawe, shingo iliyokonda ndani ya ile fulana mpya inayompwaya.

"Mwanangu hajawahi kusema uongo, Afande," alisema. "Huyu dada alichonifunza njiani mie sikijui. Mie ni muuza vitunguu."

Alisema hivyo, akamshika Suhaib mkono.

Afande Jenipher aliandika. Alipomaliza aliyageuza maelezo, akamsogezea Mwamvita kalamu.

"Soma. Ni maneno yako yote, sijaongeza. Ukishatia saini unaingia mahabusu, kwa hiyo vua viatu na hereni, uweke hapa juu. Samahani sana, dada."

Maneno yalikuwa yake kweli. Namba ni yangu. Majibu niliyatega mimi. Onyo nililifuta mimi. Alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa hiari yake, kwa nauli yake, na hakukuwa na mstari hata mmoja uliosema uongo. Alitia saini. Akainama kufungua viatu.

Nje Gaspar alipiga honi.

"Twende, baba," Mama Suhaib alinong'ona, akimvuta mwanawe. "Twende nyumbani."

Suhaib alipiga hatua mpaka mlangoni, akasimama. Alikuwa anamwangalia mama yake. Alimwangalia muda mrefu, mtu aliyemfundisha Kurani, mtu aliyemchapa akiwa darasa la pili kwa kudanganya kuhusu chenji ya mafuta ya taa, ambaye leo kadanganya mbele ya polisi kwa ajili yake bila kupepesa jicho.

"Mama," alisema, "kwa nini umesema vile?"

"Nyamaza, twende."

"Si nilikuambia mwenyewe? Si ulikuwa unajua?"

"Suhaib, nakuomba! Ninaye wewe mmoja tu!"

Mwamvita alinyanyua kichwa, kiatu kimoja mkononi. Honi ililia tena, ndefu. Mama alivuta mkono kwa nguvu zake zote za kubeba magunia, na kijana hakusogea. Kasimama katikati ya mlango, mguu mmoja nje kwenye jua, mguu mmoja ndani.

Afande Jenipher alifunika kalamu, halafu akaifunua tena.

"Kijana," alisema, "unatoka au unaingia?"